Maji si kitu duni: Askari ayajue kama anavyoijua bunduki yake

Kuruta afikapo kambini hukabidhiwa bunduki, na kabla ya kuruhusiwa kufyatua risasi hata moja hulazimika kuifahamu. Huifungua na kuifunga, hutaja kila chuma kwa jina lake, na huulizwa ni kwa nini kila sehemu imewekwa pale ilipo. Kuruta huyo huyo hukabidhiwa pia chupa ya maji. Juu ya chupa hiyo haelezwi neno, ila kwamba aijaze asubuhi na asiipoteze.

Sisi twaona kwamba hapa pana kasoro, na ni kasoro inayogharimu maisha. Wako askari wengi watakaomaliza utumishi wao bila kumfyatulia adui risasi. Lakini hakuna askari wala polisi atakayemaliza juma moja bila kukutana na maji: atayanywa, atayatoa kwa jasho, atayavuka, atayachemsha, atayamwaga juu ya moto, au atayatia katika betri ya gari. Katika kila moja ya kazi hizo, mwenye kujua hupona na asiyejua huweza kuangamia. Hivyo hatuandiki leo ili kuwafanya askari wetu wawe wakemia. Twaandika kwa sababu maji ni kitu cha ajabu kuliko tunavyodhani, na ajabu yake ina kanuni zinazofahamika.

MAJI NI JIVU

Tuanze na asili. Mwaka 1766 mtaalamu wa Uingereza, Henry Cavendish, aliichunguza gesi inayotoka pale chuma au zinki inapotiwa ndani ya asidi. Gesi hiyo ilikuwa nyepesi mno na ilishika moto upesi. Miaka kadhaa baadaye akaonyesha kwamba ikiungua huacha maji. Mwaka 1783 Mfaransa Antoine Lavoisier alithibitisha kwamba maji si kitu kimoja kisichogawanyika, kama wataalamu wa Ulaya walivyoamini tangu kale, bali ni muungano wa gesi mbili. Ile nyepesi ikapewa jina lenye asili ya Kiyunani, haidrojeni, maana yake mzaa maji. Ya pili ni oksijeni, hiyo hiyo tunayoivuta kwa pumzi.

Ajabu ya kwanza ndiyo hii. Haidrojeni huungua kwa ukali, na oksijeni ndiyo inayoupa kila moto nguvu. Lakini zikiisha kuungana huwa maji, ambayo huuzima moto. Siri yake si ngumu. Kuni zikiungua huacha jivu, na jivu haliwaki tena. Haidrojeni ikiungua huacha maji. Maji ni jivu la haidrojeni: moto wake umekwisha kuwaka na joto lake limekwisha kutoka.

Polisi wa upelelezi wana la kujifunza hapa. Mara kwa mara hutokea mtu akadai kwamba amebuni gari linalokwenda kwa maji badala ya petroli, kisha akakusanya fedha za watu. Huko Ohio, Marekani, Stanley Meyer alidai hivyo, na mwaka 1996 mahakama ikaona kwamba amefanya udanganyifu mkubwa na kumwamuru awarudishie waliompa fedha. Umeme waweza kweli kuyagawanya maji yakarudi kuwa haidrojeni na oksijeni. Lakini nguvu inayohitajika kuyagawanya haipungui ile itakayopatikana gesi hizo zikiungua tena, na katika kazi halisi sehemu yake hupotea njiani. Basi anayeuza gari la maji anauza jivu kwa bei ya kuni. Polisi aliyelielewa jambo hili hahitaji ushahidi mwingi ili kumtilia shaka tapeli wa namna hiyo.

KIKOSI KILICHOSHIKANA MIKONO

Chembe ya maji ina atomu 2 za haidrojeni na atomu 1 ya oksijeni. Atomu ya haidrojeni ndiyo sahili kuliko zote: protoni moja katikati, na elektroni moja tu. Oksijeni ni jirani mwenye nguvu; huivutia elektroni hiyo upande wake. Kwa hiyo upande wa oksijeni huwa na chaji hasi kidogo, na upande wa haidrojeni huwa na chaji chanya kidogo. Tena atomu hizo mbili hazikukaa pande mbili zinazoelekeana sawasawa. Zimekaa kwa pembe, kama mikono miwili iliyonyoshwa mbele.

Matokeo yake ni kwamba chembe moja ya maji huishika ya jirani: mkono wa haidrojeni huishika oksijeni ya pili, na ya pili huishika ya tatu. Mshiko huo si wa nguvu sana, nao huachia na kushika tena mara nyingi mno katika nukta moja. Lakini chembe zote zikishikana hivyo, huwa kama kikosi kinachovuka mto kwa kushikana mikono: mkondo waweza kumchukua mtu mmoja, lakini kukichukua kikosi ni kazi nyingine.

Ushahidi wa mshiko huo ni huu. Kuna gesi inayonuka kama yai viza, nayo imeundwa kwa atomu 2 za haidrojeni na 1 ya salfa. Ni ndugu wa karibu wa maji, na chembe yake ni nzito kuliko ya maji. Ndugu huyo huchemka kwenye nyuzi 60 za sentigredi chini ya sifuri. Kama maji yangeufuata mwendo wa ukoo wao, yangechemka kwenye baridi kali zaidi ya hiyo, na duniani pasingekuwa na mto, ziwa wala tone la damu. Mshiko wa haidrojeni ndio unaoyafanya maji yachemke kwenye nyuzi 100.

Mshiko huo ndio pia unaoifanya barafu ielee. Vitu vingi vikiganda hujibana na kuwa vizito. Maji yakiganda chembe zake hujipanga kwa kuachiana nafasi, kama askari waliofungua safu kwenye gwaride, hata ukubwa wake ukaongezeka kwa kiasi cha asilimia 9. Ndiyo maana chupa ya soda iliyosahauliwa ndani ya friza hupasuka.

JASHO NI SILAHA

Mshiko wa haidrojeni una faida nyingine: kuyapasha maji joto ni kazi kubwa. Kilo moja ya maji huhitaji joto mara 9 hivi kuliko kilo moja ya chuma ili zote zipande kwa kiasi kimoja. Kwa hiyo maji hubeba joto jingi kabla hayajachemka. Wanajeshi walilitumia jambo hili zamani. Bunduki ya Maxim, ambayo Kapteni Lugard alikuja nayo Kampala mwaka 1890 na ikatumika katika vita vya Mengo Januari 1892, mtutu wake ulivikwa koti la chuma lililojazwa maji. Bila maji hayo mtutu ungepata moto ukaharibika kwa wingi wa risasi. Katika bunduki ile maji yalikuwa sehemu ya silaha. Siku hizi kazi hiyo hiyo hufanywa na maji yaliyo katika rejeta ya lori.

Mwili wa askari nao ni mashine itoayo joto, na koti lake la maji ni jasho. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoa joto ambalo lingetosha kuzichemsha lita 7 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100. Hapana dawa wala mazoezi yawezayo kushika nafasi ya kazi hiyo. Lakini yatupasa kuzingatia neno moja: ni jasho linalokauka ndilo linalopoza. Jasho linalochuruzika na kuanguka chini limepotea bure.

Tofauti hiyo askari wetu wameiona kwa macho yao. Tangu Machi 2007, walipotua Mogadishu kwa kazi ya Umoja wa Afrika, wengi wametumikia katika hewa ya pwani iliyojaa mvuke, ambamo jasho hutoka kwa wingi na halikauki. Katika ukame wa Karamoja mambo ni kinyume: jasho hukauka kabla halijaonekana, na askari mwenye ngozi kavu hujidanganya kwamba hajapoteza kitu, kumbe amepoteza lita nzima.

Hapa ndipo tunapotaka kusema kwa ukali kidogo. Ingali imo katika vichwa vya baadhi ya wakufunzi fikira kwamba kumnyima kuruta maji ni kumkomaza. Fikira hiyo ni ya uongo. Mwili waweza kuzoea joto, nao huzoea kwa kutoa jasho zaidi, jambo linalouongezea haja ya maji. Hauwezi kuzoea kukosa maji, kama vile gari lisivyoweza kuzoea kukosa mafuta. Mkufunzi anayeifunga chupa ya kuruta juani hajengi askari shupavu. Anampunguzia jeshi mtu mmoja.

Kiu nayo ni mjumbe anayechelewa, kwa sababu huja baada ya mwili kuwa umekwisha kupungukiwa. Hivyo katika matembezi marefu kunywa maji kuwe kwa amri na kwa saa, kama zamu ya ulinzi. Dalili iliyo wazi ni mkojo: ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, hali ni njema, ukiwa wa rangi ya chai, hatari imekaribia. Kwa upande mwingine, kunywa kupita kiasi nako ni hatari, kwa maana jasho huondoka na chumvi, na maji matupu mengi huizimua chumvi iliyosalia katika damu hata mtu akazirai. Isizidi lita moja na nusu kwa saa, na chakula chenye chumvi kisikose. Askari akianza kupepesuka na kusema maneno yasiyoeleweka huku mwili wake ni moto, asidhaniwe mlevi wala mvivu. Ahamishwe kivulini upesi, avuliwe mavazi mazito, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa, huku mganga akiitwa. Dakika chache katika hali hiyo ndizo zinazoamua kama mtu ataishi.

MOTO USIOTAKA MAJI

Nchini mwetu kikosi cha zimamoto ni tawi la Polisi. Basi polisi wa Uganda ana sababu ya pekee ya kujua ni wapi maji husaidia na ni wapi huua.

Moto wa kuni, nguo, karatasi na nyasi huzimwa vema kwa maji, kwa sababu maji hulila joto lake, na mvuke huisukuma hewa kando. Lakini mafuta ya kupikia yaliyoshika moto jikoni mwa kambi yana joto la nyuzi zaidi ya 300. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo huzama ndani yake, na papo hapo huwa mvuke. Lita moja ya maji hutoa lita zipatazo 1,600 za mvuke. Mvuke huo hulipuka kutoka chini ukiyarusha mafuta yanayowaka juu ya mpishi na dari. Sufuria ya namna hiyo hufunikwa kwa mfuniko, na jiko huzimwa ikiwa mtu aweza kulifikia kwa salama. Hapatiwi maji hata kikombe.

Petroli nayo haipatani na maji. Chembe zake hazina mikono ile ya chaji, kwa hiyo maji hayazishiki. Tena ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu na kusafiri nayo. Anayemwaga ndoo za maji juu ya petroli inayowaka barabarani anaupa moto mtumbwi wa kuufikisha mtaroni na kwenye nyumba za watu. Kinachotakiwa ni povu la zimamoto. Povu hilo nalo ni maji, lakini yamechanganywa na dawa na hewa hata yakawa mepesi kuelea juu ya petroli na kuifunika kama blanketi.

Wala polisi asisubiri moto uwake ndipo aanze kazi. Tarehe 29 Juni 2013, huko Namungoona, Kampala, lori la petroli liligongana na gari jingine likawaka moto, wakafa watu zaidi ya 30, wengi wao vijana waliokimbilia kuchota mafuta. Agosti 2019 msiba wa namna hiyo uliipata Morogoro, Tanzania, wakafa zaidi ya watu 90. Oktoba 2024 ukarudi kwetu, Kigogwa, katika barabara ya Bombo, wakafa zaidi ya watu 10. Mara zote habari ni ile ile: mafuta yanamwagika, watu wanakuja na madumu, cheche inatokea. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini usionekane, ukaifikia sigara au injini ya pikipiki iliyosimama mbali na lori.

Kwa hiyo polisi wa kwanza kufika mahali pa ajali ya lori la mafuta asijishughulishe kutafuta ndoo. Kazi yake ni kuwarudisha watu nyuma, kwa upole ikiwezekana na kwa nguvu ya sheria ikibidi, kuzima injini na sigara zote, kuwaelekeza watu upande upepo unakotoka, na kuliita gari la povu. Hili ni jambo la kufanyiwa mazoezi kama linavyofanyiwa mazoezi gwaride. Na yule polisi anayechota dumu moja pamoja na umati, tumwambie bila kuficha, amewasaliti wale aliotumwa kuwalinda.

Maneno mawili zaidi juu ya moto. Maji safi kabisa hayapitishi umeme vizuri, lakini maji ya bomba, ya mto na ya mvua iliyogusa vumbi yamebeba chumvi zinazoupitisha. Mahali penye nyaya, umeme ukatwe kwanza. Na metali kama magnesi, inayotumika katika baadhi ya mioto ya ishara, ikiwaka huwa na joto kali mno hata huyavunja maji, ikanyakua oksijeni yake na kuiacha huru haidrojeni, ambayo nayo hushika moto. Hapo lile jivu tulilolisema hugeuka tena kuwa kuni. Mchanga mkavu ndio dawa yake.

GESI ISIYOONEKANA KARAKANANI

Si lazima mtu aende vitani ili akutane na haidrojeni. Iko katika karakana ya magari ya kila kambi na kila kituo kikubwa cha polisi. Betri ya gari ya aina ya risasi na asidi, inapochajiwa, umeme huyagawanya baadhi ya maji yaliyomo, zikatoka haidrojeni na oksijeni. Gesi hizo hazina rangi wala harufu, kwa hiyo fundi hawezi kuonywa na pua yake. Haidrojeni ikifikia asilimia 4 tu ya hewa ya chumba, cheche ndogo yatosha kuilipua: njiti ya kibiriti, sigara, au waya unaochomolewa kwenye betri wakati umeme ungali unapita. Betri ikilipuka humrushia mtu asidi usoni.

Kinga yake ni rahisi na haina gharama. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa kwa kiasi cha mara 14; hupanda juu na kujikusanya chini ya dari. Chumba cha kuchajia betri kiwe na matundu ya hewa juu, si mlango peke yake. Sigara ipigwe marufuku humo, hata kwa afande. Umeme wa chaja uzimwe kwanza, ndipo waya zichomolewe. Na fundi anapochanganya asidi, asidi ndiyo imiminwe ndani ya maji polepole, kamwe si maji ndani ya asidi, kwa kuwa kuungana kwake hutoa joto linaloweza kuyachemsha maji ghafla na kuirusha asidi nje. Sheria hizo chache zaweza kuandikwa kwa rangi ukutani katika asubuhi moja.

MAJI HUBEBA KILA MZIGO

Chembe za maji zenye mikono ya chaji huweza kuzizunguka chembe za chumvi, sukari na vitu vingi vingine, zikazitenga na kuzichukua. Ndiyo maana damu huweza kubeba chakula mwilini. Lakini kitu kinachobeba kila mzigo hakichagui mzigo, na pamoja na vile vinavyoyeyuka, maji hubeba pia vijidudu visivyoonekana kwa macho. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda waliofika Goma waliteketea kwa makumi ya maelfu kwa kipindupindu na maradhi mengine, ingawa ziwa Kivu lilikuwa mbele ya macho yao. Maji yalikuwa tele, salama ndiyo iliyokosekana.

Askari aliye doriani na achuje maji yake kwa kitambaa safi, kisha ayachemshe mpaka yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 akiwa juu ya mita 2,000. Tofauti hiyo ina sababu. Kadiri mtu apandavyo mlimani, hewa hupungua uzito, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Huko Kabale huchemka karibu na nyuzi 93, na kwenye kilele cha Rwenzori, mita 5,109, huchemka karibu na nyuzi 83. Kwa hiyo maharagwe hukawia kuiva huko, na mpishi asilaumiwe. Anayetumia vidonge vya klorini naye aanze kwa kuchuja, maana tope huimaliza dawa kabla haijawafikia vijidudu.

Na kipindupindu kikiingia, nguvu ile ile ya maji kubeba mizigo ndiyo inayookoa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa katika kambi ya wakimbizi nchini India, na maji ya kutundikia wagonjwa kwenye mishipa yakamwishia. Akaamua kuwanywesha maji yaliyotiwa chumvi na glukosi. Vifo, ambavyo vilikuwa vikifikia asilimia 30 hivi ya wagonjwa, vikashuka vikawa chini ya asilimia 4. Kipimo cha kutengeneza nyumbani kila askari akikariri kama namba ya bunduki yake: lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vidogo vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

RUHUSA YA KUULIZA

Wapo watakaosema kwamba askari kazi yake ni kutii, na elimu hii ni ya wanafunzi wa vyuo. Tuwajibu kwa kisa cha mwanafunzi mmoja wa Afrika Mashariki. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kijana wa sekondari ya Magamba, Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Akaogopa kukosa nafasi katika friza, akaweka maziwa yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa, na wenzake wakamcheka. Hakunyamaza. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mtaalamu wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuwahutubia. Osborne hakucheka, alirudi akalijaribu jambo hilo. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo yao, na jina la Mpemba likaenea dunia nzima. Wataalamu wangali wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa masharti gani. Lakini swali hilo liliulizwa na kijana aliyeona kwa macho yake na akathubutu kusema.

Amri hutiiwa, na sisi hatusemi vinginevyo. Lakini askari anayejua sababu ya amri huitii hata pale afande asipokuwapo, na huitambua hatari ambayo amri haikuitaja. Kuruta anayeambiwa tu kwamba asivute sigara karibu na betri atavuta usiku pasipo mtu. Aliyeelezwa habari za haidrojeni hatavuta.

Tunayoyaomba si mengi wala hayahitaji bajeti mpya. Shule za mafunzo za jeshi na za polisi ziweke somo la maji miongoni mwa masomo ya mwanzo, lifundishwe kwa Kiswahili, lugha ya kambi, na kwa kuonyesha: betri, sufuria yenye mfuniko, chupa ya maji, kijiko cha chumvi. Wakufunzi wakatazwe kwa maandishi kuwanyima makuruta maji kama adhabu. Karakana zote zikaguliwe matundu ya hewa. Polisi wa barabara kuu wafanyiwe mazoezi ya ajali ya lori la mafuta angalau mara moja kwa mwaka. Na maafande waliosoma sayansi shuleni wasiifiche elimu yao. Wawafundishe walio chini yao, na wawape ruhusa ya kuuliza.

Bunduki hutolewa ghalani kwa saini na hurudishwa kwa saini. Maji hayana saini, nayo yako mikononi mwa kila mmoja wetu kila siku. Yafaa tuyajue.